Somo: kubadili viungio vya treni kubwa za mfano

Tangu mlipoona behewa langu la mizigo barazani hapa Area C, Dodoma, wengi wenu wanachama wenzangu mmeniomba maelezo ya viungio vyake, yaani vishikizo vya kuunganisha behewa na behewa. Haya hapa. Hatua ya kwanza nitaikalia zaidi, kwa sababu wengi huharibikia hapo.

Treni zetu nyingi ni za chapa ya LGB ya Ujerumani, zilizoanza kutoka mwaka 1968. Reli yake ina upana wa milimita 45. Ukikuza mara 22.5 unapata karibu mita moja, upana wa reli ya kati ya zamani inayopita mjini kwetu. Ndiyo maana nazipenda. Viungio vyake vya kiwandani, ndoana na kitanzi, vinashika vizuri ila vinaacha pengo kubwa kati ya mabehewa. Mimi nafunga vya kampuni ya Kadee ya Marekani, ambavyo taya zake hushikana kama vidole vya mikono miwili.

1. Pima kimo. Weka reli iliyonyooka juu ya meza iliyo sawa, kisha kichwa cha treni ambacho kiungio chake umekwishakihakikisha. Sogeza behewa karibu, inama mpaka jicho liwe usawa wa reli. Taya zitazamane sawasawa. Niliwahi kuacha kimoja kikiwa chini milimita mbili tu, nikaona si neno. Kwenye mwinuko kikachomoka, mabehewa manne yakarudi nyuma mpaka ukutani, na ngazi ya behewa la abiria ikavunjika. Iliniuma sana. Kiungio kikiwa juu mno, weka kipande cha plastiki kati ya sakafu na kisanduku chake. Kikiwa chini mno, usichonge sakafu. Tafuta chenye shingo iliyopinda kwenda juu.

2. Fungua skrubu za kiungio cha zamani na uzihifadhi.

3. Weka alama katikati kabisa, toboa kwa keekee ya mkono. Ya umeme ikienda kasi inayeyusha plastiki. Tundu liwe dogo kuliko skrubu.

4. Panga springi na kiungio ndani ya kisanduku, ufunge kifuniko. Fanyia kazi hiyo ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, maana springi ikiruka kwenye zulia hutaiona tena.

5. Sukuma kiungio kwa kidole upande huu na huu. Lazima kirudi katikati chenyewe. Waya unaoning'inia chini usiguse reli. Usitie mafuta! Vumbi letu likikutana na mafuta linakuwa tope. Sugua risasi ya penseli laini kwenye msasa, utie unga wake.

Maswali ya wanachama (kila mmoja kwa jina la anakotoka)

Kisasa: Shikamoo mzee. Nifunge kwenye bogi la magurudumu au kwenye sakafu ya behewa?

Marahaba. Kona zako zikiwa zile za R1, nusu kipenyo sentimita 60, funga kwenye bogi. Kiungio cha sakafuni kwenye behewa refu kitalivuta nje ya reli. Kona zikiwa pana, sakafu ni bora, hasa ukirudi kinyumenyume na mzigo: nguvu inapita kwenye mwili wa behewa, haiyapindishi magurudumu.

Nkuhungu: Mwalimu, nina mabehewa kumi na pesa ya mawili tu.

Anza na behewa moja. Upande mmoja acha ndoana, upande wa pili funga kipya. Litaunganisha kichwa chenye kiungio kipya na mabehewa ya zamani, mengine utabadili polepole.

Kondoa: Nimepima kimo vizuri mezani, lakini bustanini vinaachana, tena mahali palepale kila mara.

Ndugu yangu, hapo kosa liko kwenye reli. Ardhi imetitia, behewa moja linainama huku jirani yake limenyanyuka, taya zinapishana. Laza rula ndefu juu ya reli mahali hapo, tazama mwanga unapopenya chini yake, kisha shindilia kokoto ndogo mpaka mwanga uishe.