Ukipanda riksha Arashiyama, Kyoto, Japani

Vijana wanaovuta riksha, yaani vigari vya abiria wawili vinavyokokotwa na mtu, utawakuta karibu na daraja la Togetsukyo. Kabla hujapanda, elewaneni kabisa muda, njia na bei ya nyote wawili, kisha uliza kama mvutaji anaongea lugha unayoielewa. Yeye ndiye mwongozaji wenu, na utamu wa safari uko kwenye maelezo yake. Mwombe awapitishe kwenye msitu wa mianzi: kuna kipande cha njia kilichotengwa kwa ajili ya riksha tu, na huko mtakwepa ule umati unaosongamana kwenye njia ya kawaida. Hapo kwa kweli pesa haipotei bure. Msimu wa baridi mtafunikwa blanketi miguuni. Bakshishi si desturi ya Japani, shukrani yatosha.