SOMO: Kuanzisha akwaria ya mimea na samaki mchanganyiko (samaki wanaingia mwisho)

Habari wakuu. Nimeleta hili somo kwa sababu kila mara naona mtu kanunua kioo asubuhi, mchana kajaza maji, jioni samaki wanaogelea, alafu wiki haijaisha anauliza kwanini wanakufa. Mi mwenyewe nilianza hivyo hivyo, aliyeniuzia alinihakikishia hamna shida, nikaweka samaki 14 kwenye tangi jipya na siku ya tano asubuhi nikawakuta wote wamepanda juu wanatweta, midomo imegusa uso wa maji, matamvua mekundu kabisa. Nikadhani hewa ndogo nikaongeza pampu, kumbe ilikuwa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Walipona 3 tu na iliniuma sana, yaani sitaki mtu mwingine apitie hiyo.

HATUA YA 1: Kioo na mahali pa kuweka
Anza na sm 60 kwa 30 kwa 36 hivi, zidisha zote alafu gawa kwa 1000 unapata kama lita 65. Usiende chini ya hapo kama ndo unaanza, maji machache yanachafuka haraka na joto lake linapanda na kushuka haraka. Lita moja ni kilo moja, ukijumlisha kioo, mchanga na mawe hapo una zaidi ya kilo 70 kwahiyo meza iwe imara na iwe sawa, weka pima maji juu yake kabla hujajaza. Mbali na jua la dirishani, utafuga mwani badala ya mimea.

HATUA YA 2: Mchanga na mimea
Mchanga au changarawe ndogo, sm 5 mbele na 7 au 8 nyuma, osha mpaka maji yatoke meupe. Mimea weka mingi tangu siku ya kwanza, hapa watu wengi wanabania sana. Mimea inayokua haraka kama Vallisneria na hornwort inakula amonia na inawanyima mwani chakula. Anubias na java fern hizi usizifukie, zina tunguu, yaani lile shina nene linalotambaa, ukilizika linaoza na mmea wote unakwenda. Funga kwa uzi kwenye gogo au jiwe, mizizi itashika yenyewe. Cryptocoryne nazo ukizipanda majani yanaweza kuyeyuka yote ukaona umepoteza hela, tulia, usizing'oe, mizizi iko hai na baada ya wiki kadhaa zinachipua upya. Taa masaa 6 kwa siku mwanzoni, baadae 8, weka taima usitegemee kukumbuka.

HATUA YA 3: Kuivisha tangi (hapa ndo somo lenyewe)
Samaki anatoa amonia kwenye matamvua yake muda wote, na chakula kilichobaki kinaoza kinatoa amonia pia. Kuna bakteria wanaibadilisha kuwa nitriti, nayo ni sumu, alafu wengine wanaibadilisha nitriti kuwa nitrati ambayo haina makali hivyo na mimea inaila. Tangi jipya halina hao bakteria wa kutosha, lazima uwafuge kwanza. Wanaishi zaidi kwenye sponji ya filta, kwenye mchanga, kwenye mawe, sio kwamba wanaelea tu kwenye maji.

Unafanyaje: jaza maji, weka dawa ya kuondoa klorini, washa filta isizimwe usiku wala mchana, hita iwe nyuzi 25 au 26 (kama wati 1 kwa lita inatosha). Tia amonia safi isiyo na manukato wala sabuni mpaka kipimo cha amonia (kile cha kupimia maji ya akwaria) kisome miligramu 2 kwa lita. Ukikosa amonia dondoshea chakula cha samaki kidogo kila siku, kitaoza taratibu. Kila baada ya siku mbili tatu pima. Utaona amonia inashuka, nitriti inapanda mpaka kipimo chake kinakuwa zambarau kimekolea, inakaa hivyo siku nyingi mpaka unakata tamaa, alafu ghafla inadondoka. Ukitia amonia mpaka miligramu 2 kwa lita na kesho yake amonia na nitriti zote zinasoma 0, limeiva. Mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6. Ukipata sponji iliyotumika kwenye tangi lenye afya unaokoa muda mwingi sana.

HATUA YA 4: Samaki
Badilisha maji mengi kwanza kupunguza nitrati. Kwa lita 60 mi ningeweka neon tetra 8, Corydoras pygmaeus 6 wa chini, na honey gourami mmoja, basi. Neon na corydoras ni wa kundi, akiwa peke yake anajificha na rangi inafifia. Anza na kundi moja, subiri wiki mbili, pima, ndo ulete lingine. Mfuko uelee dakika 15, alafu ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, samaki mchote kwa neti na maji ya mfuko yamwage nje.

Baada ya hapo kila wiki badilisha robo ya maji, basi.

MASWALI

Mkuu asante kwa somo. Mi maji nalaza kwenye ndoo siku mbili, dawa ya klorini ni lazima?
JIBU: Klorini ya kawaida inaruka ukiilaza masaa 24 na zaidi. Ila baadhi ya maji ya bomba yana kloramini (klorini iliyoungana na amonia) na hiyo hairuki, ndo maana nasema tumia dawa.

Naweza kuchanganya mbuna (wale samaki wa Ziwa Malawi) na hao neon? Rangi zao zinanivutia sana.
JIBU: Hapana ndugu yangu. Mbuna wanataka maji magumu, yaani yenye madini mengi, ya pH 8 hivi, neon wanapenda laini, alafu mbuna ni wakali na wanafukua mimea. Wape mbuna tangi lao la mawe.

Tangi lilikuwa safi miezi mitatu, juzi nimeosha filta vizuri kabisa na leo samaki wako juu wanatweta. Nimekosea wapi?
JIBU: Uliosha na maji ya bomba?

Ndio, ya bomba tena na sabuni kidogo.
JIBU: Hapo umeua bakteria mkuu. Sasa hivi badilisha nusu ya maji, weka dawa ya kuondoa klorini, usiwalishe siku mbili, pima amonia kila siku na ikionekana badilisha tena. Sponji ya sabuni usiirudishe, tafuta nyingine. Siku nyingine ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini, ikiwa bado na rangi ya udongo iache hivyo hivyo.

Nimepima sasa hivi ni 1. Nabadilisha.
JIBU: Nusu sasa, na kabla hujalala pima tena.