Daftari la mgonjwa wa saratani: jinsi ya kumsaidia aandike na asimulie

Kuandika hakupunguzi uvimbe wala hakuchukui nafasi ya dawa. Kunampa mgonjwa mahali pa kutua yale asiyoweza kumwambia mwenzi wake, mtoto wala daktari. Matokeo ya tafiti yanatofautiana, na faida inapoonekana huwa ndogo, kwa hiyo usimpambie. Mwambie tu: "Tujaribu mara nne. Isipokufaa, tunaacha."

Mara nne zina asili yake. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker, katika utafiti aliouchapisha na Sandra Beall mwaka 1986, aliwapa watu dakika 15 za kuandika kwa siku nne mfululizo, na utaratibu wa dakika 15 hadi 20 ndio unaotumika mpaka leo. Kwa mtu aliye kwenye matibabu, anza na dakika 10, na siku zisilazimishwe kufuatana. Siku mbili tatu baada ya kemo (tiba ya saratani kwa dawa kali), kichefuchefu na uchovu vikiwa juu, ziache. Akiwa na maumivu yasiyotulia, shughulikia maumivu kwanza. Usiku sana napo si wakati mzuri: anaweza kukesha na alichokichimbua.

Angalia na mikono. Dawa kama paclitaxel na vincristine huweza kutia ganzi vidoleni, kalamu nyembamba ikawa inaponyoka. Mpe nene, au izungushie kitambaa. Ikishindikana, arekodi sauti kwenye simu. Ndiyo njia pia ya asiyejua kusoma. Na kwa kuwa kemo huweza kuvuruga kumbukumbu na umakini, swali liwe sentensi moja, liandikwe juu ya ukurasa asije akalisahau katikati.

Swali lenyewe ndipo wengi wanapokosea. "Eleza unavyojisikia" ni pana mno. Utapata "najisikia vibaya" na kalamu imewekwa chini. Uliza kitu chenye mipaka: Nini kilitokea katika dakika tano za kwanza baada ya kupewa majibu? Ni swali gani watu wanakuuliza mpaka umechoka kulijibu? Wauguzi hawajui nini kukuhusu? Aliyekatwa titi au mguu anaweza kukiandikia kiungo hicho barua, lakini hiyo isiwe kazi ya siku ya kwanza.

Je, umpe swali la uchungu au la mazuri aliyoyapata? Utafiti wa Annette Stanton na wenzake wa mwaka 2002 kwa wanawake wenye saratani ya matiti unasaidia hapa. Walioandika hisia zao za ndani, na walioandika mazuri waliyoyaona katika ugonjwa, wote walihitaji miadi michache ya daktari kwa matatizo ya saratani kuliko walioandika habari kavu za matibabu. Ila wasiokwepa kuufikiria ugonjwa walinufaika zaidi na kueleza hisia. Wanaoukwepa walinufaika zaidi na kuandika mazuri. Basi mtu anayebadilisha mada kila saratani inapotajwa usimsukume kwenye hofu yake. Wala usimlazimishe anayelia kutafuta baraka.

Kabla hajaanza, mweleze mambo matatu: aandike bila kusimama, asijali tahajia wala sarufi, na jambo likionekana litamlemea, aliache na kuandika lingine. Mwambie pia kwamba akimaliza anaweza kuwa na huzuni kuliko alivyoanza. Mara nyingi hali hiyo hupungua ndani ya saa moja au mbili. Kaa naye dakika kumi, zungumzeni mambo mengine. Kesho yake akiwa bado amezama, simamisha zoezi. Akitaja kujiua, daftari linafungwa, hakai peke yake, na timu inayomtibu inaarifiwa papo hapo.

Utajuaje linamfaa? Mwache ajisomee mwenyewe, kisha umuulize kama maneno yanasogea. Mfano: siku ya kwanza ameandika, "Naogopa, naogopa, kwa nini mimi." Siku ya tatu: "Kumbe siiogopi dripu. Naogopa ile saa ya kusubiri kuitwa jina." Hofu imepata umbo, na sasa kuna la kufanya: aje na mtu wa kukaa naye, au aombe miadi ya mapema. "Kumbe", "kwa sababu" na "sasa naona" ni dalili njema. Sentensi zilezile kwa siku tatu maana yake anazunguka palepale. Badilisha swali, au mwambie aandike tukio hilohilo kwa jicho la mtu mwingine aliyekuwepo.

Akikusomea, usisahihishe, usimpe mkasa wa jirani aliyepona, na usiseme "usijali". Rudia sentensi moja yake kama alivyoiandika, kisha nyamaza.

Kwa aliye karibu na mwisho wa maisha kuna njia nyingine, tiba ya utu, aliyoianzisha daktari Harvey Chochinov wa Kanada. Mgonjwa hupewa maswali mapema: alikuwa hai zaidi lini, anajivunia nini, angependa jamaa zake wakumbuke nini. Mazungumzo hurekodiwa, yasizidi saa moja. Yaandike ndani ya siku chache, maana hali hubadilika haraka. Panga matukio, ondoa kusitasita, ila usiguse msamiati wake. Kisha msomee yote kwa sauti, arekebishe. Hapa uwe macho: siri ya ndoa au lawama kwa mtoto mmoja ikibaki kwenye maandishi, anayeumizwa hatakuwa na wa kumuuliza. Muulize mgonjwa waziwazi kama anataka ibaki. Jaribio lililochapishwa 2011 halikuonyesha kwamba njia hii inapunguza mfadhaiko kwa vipimo, lakini washiriki walisema iliwasaidia na ingezisaidia familia zao.

Mwisho, kubalianeni mapema daftari ni la nani. Likisomwa kisirisiri mara moja, hataandika ukweli tena. Jina la anayeruhusiwa kulisoma liandikwe ndani ya jalada. Kama hakuna anayeruhusiwa, andika kama lichanwe au lichomwe, na nani atafanya hivyo.