Kuunganisha seli za michungwa: anzeni na shina la chini

Wakulima wanaopita maabarani kwetu Njoro huniomba tunda jipya. Mimi huwaambia tuanze chini ya udongo. Seli mbili zikiunganishwa, kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) zote za wazazi hukutana: mchungwa una 18, chotara anakuwa na 36. Matunda yake mara nyingi huwa na ganda nene, soko litayakataa. Faida iko kwenye shina la chini la kubandikia, tena mti hubaki mfupi, ukachuma bila ngazi.

Mlimau wa ganda la makunyanzi, ambao wengi hubandikia, huvumilia virusi vya tristeza, lakini penye maji yanayotuama, mathalani nyanda za Kano, kimelea cha udongoni kiitwacho Phytophthora huozesha mizizi yake. Poncirus trifoliata, ule wa majani matatu, huhimili yote mawili. Wajapani waliuunganisha na chungwa la Trovita mwaka 1985, na ndiyo njia ninayoifuata. Kuwachanganya wazazi kwa chavua ni taabu, maana mbegu nyingi za machungwa hubeba viinitete vilivyo nakala ya mama mtupu.

Mzazi mmoja lazima atoe kalasi, yaani tishu laini inayoweza kuzaa viinitete. Chukua tunda changa la chungwa aina ya Valencia, lioshe kwa Jik, toa viyai vya mbegu ndani yake, uvilee kwenye chakula cha maabara. Hapa ni miezi ya kungoja. Kalasi ikishaelea vizuri kwenye chakula cha majimaji, ihamishe kila wiki mbili. Mzazi wa pili, Poncirus, hutoa majani tu, ila yawe machanga na safi; seli za majani peke yake kwa kawaida hazioti, na hilo ndilo litakalokurahisishia uchambuzi baadaye.

Usiku, loweka kalasi na majani yaliyokatwa nyembamba, kila kimoja chombo chake, katika vimeng'enya vya selulasi na pektinasi vyenye sukari nyingi. Vimeng'enya hula ukuta wa seli. Sukari huzuia seli tupu zisipasuke. Asubuhi chuja kwa wavu wa mikroni 45, kisha zungusha polepole kwenye sentrifuji. Tafadhali usiharakishe hatua hii. Seli isiyo na ukuta ni kama yai lililomenywa ganda likiwa bichi.

Changanya nusu kwa nusu, dondosha polietilini glaikoli, kemikali inayozishikanisha seli, subiri dakika chache, halafu mimina mmumunyo wa kalisiamu. Chini ya darubini utaona zikishikana, ya kijani ya jani na isiyo na rangi ya kalasi, na mimi bado hupenda kuitazama. Safisha, weka gizani, punguza sukari hatua kwa hatua. Baada ya wiki kadhaa vijikundi vya seli hutokea, kisha viinitete, kisha vichipukizi.

Usimwamini mche kwa unene wa jani. Pima kiasi cha DNA kwa saitometa, mashine ya kupimia seli, na uhakikishe kwa alama za kijenetiki kwamba wazazi wote wawili wamo. Kalasi nayo huweza kurudufu kromosomu zake yenyewe, bila kuungana na mzazi wa pili.

Griningi, ugonjwa wa bakteria wa michungwa, haitibiki kwa njia hii, tusidanganye watu. Mdudu Trioza ataendelea kuileta huku kwenye baridi. Chotara aliyethibitishwa akifika unene wa penseli, mbandike jicho la Valencia lisilo na ugonjwa, umpande kando ya miche iliyobandikwa kwenye mlimau, shamba moja, penye tope, mlinganishe mizizi.