Kuwinda kani mpya kwa mizani ya msokoto

Mizani ya msokoto ni kitu kinachoning'inia kwa uzi, na hata kani ndogo mno huusokota uzi huo; kwa hiyo hutumika kutafuta kani ambayo sheria ya uvutano ya Newton haiielezi. Anza na uzi. Mimi hutumia wa tungsteni, mwembamba kuliko unywele, na huuacha ukining'inia na mzigo wake siku kadhaa kabla ya kupima chochote. Usiharakishe hapa: uzi ambao haujatulia hujisokota wenyewe, nawe utadhani umegundua kani ya tano, nje ya zile nne za msingi zinazojulikana.

Ning'iniza diski yenye matundu yaliyopangwa kwa duara. Chini yake weka nyingine ya namna hiyo, izunguke polepole. Matundu yanapopishana, uvutano huisokota diski ya juu kidogo mno. Mwale wa leza unaoakisiwa na kioo kilichobandikwa juu yake ndio utakaokuonyesha. Linganisha msokoto huo na hesabu ya Newton, inayosema uvutano hupungua kwa mraba wa umbali.

Adui mkubwa ni umeme tuli. Kati ya diski mbili tandaza utando wa shaba, uukaze kama ngozi ya ngoma, uunganishe na ardhi. Niliwahi kufukuza ishara safi kabisa kwa wiki tatu, kumbe chembe moja ya vumbi ilikuwa inagusa utando! Tangu hapo nasafisha kwanza. Hewa ondoa, joto lisibadilike.

Kisha sogeza diski karibu. Mwaka 2020 kikundi cha Eöt-Wash cha Chuo Kikuu cha Washington kilifika umbali wa maikromita 52, yaani kama sehemu moja ya ishirini ya milimita, na sheria ya Newton haikuyumba. Kwangu hayo ni matokeo mazuri sana, maana yalifuta nadharia kadhaa. Ukiona tofauti, badilisha metali ya diski, upime upya.