Kuchagua pawa saplai ya bodi za akedi nyumbani, usiunguze bodi wala usijiunguze mwenyewe

Watu wengi wakipata bodi yao ya kwanza ya gemu za akedi, zile mashine kubwa za gemu za kutumbukiza sarafu, akili yote inaenda kwenye bodi, ni orijino au kopi, chipu zipo zote, sauti inatoka, alafu pawa saplai, kile kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa wa bodi, wanaokota yoyote iliyokuwa imelala ndani, na hapo ndo bodi iliyodumu miaka 30 inakufa ndani ya sekunde mbili. Na ikifa imekufa kweli, maana chipu zake nyingi hazitengenezwi tena. Kwa hiyo naomba kabla hujachomeka chochote soma kwanza, hasa pale kwenye kupima.

Anza na kujua bodi yako inataka nini. Bodi nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 80 zinafuata mpangilio wa JAMMA uliotoka Japani 1985, ile konekta ya pini 56, 28 upande wa vifaa na 28 upande wa risasi, yani ile ya kuchomelea miguu ya chipu. Pini ya 1 na 2 ni graundi, yani sifuri ambako umeme unarudia, ya 3 na 4 ni volti 5, ya 5 ni volti 5 hasi, ya 6 ni volti 12, ya 7 haina kitu, ni nafasi ya kale kakizuizi ka plastiki kanakokuzuia usiichomeke kinyume. Upande wa pili pini zinazotazamana nazo ni hivyohivyo, na graundi zingine ziko mwisho kabisa, 27 na 28. Kama konekta yako haina kakizuizi kaweke leo, usisubiri kesho, maana ukigeuza konekta zile volti 12 zinaingia kwenye laini za vitufe na chipu za pale hazijatengenezwa kubeba kitu kama hicho.

Volti 5 ndo roho ya bodi, ndo inalisha prosesa, memori na zile chipu ndogo zote. Volti 12 kazi yake kwa kawaida ni amplifaya ya sauti. Ile 5 hasi inatakiwa na baadhi ya bodi za zamani kwa ajili ya sauti tu, nyingi haziihitaji kabisa, kwa hiyo usinunue pawa saplai kubwa kwa sababu yake kabla hujaangalia mchoro wa bodi yako. Bodi za kabla ya 1985 kila moja ina mambo yake, usikisie hata kidogo, kwa mfano ile ya Pac-Man ya 1980 inapokea AC, umeme wa kupinduka-pinduka kama wa ukutani, kutoka kwenye transfoma na inajigeuzia DC, wa mwelekeo mmoja, yenyewe palepale kwenye bodi. Na bodi ya NAOMI ya Sega inataka volti 3.3 pia. Yani jina la bodi kwanza, pawa saplai baadaye.

Sasa ampea, hapa watu wanachanganyikiwa sana. Pawa saplai iliyoandikwa ampea 15 haisukumi ampea 15 kwenye bodi, bodi inavuta kiasi inachohitaji tu, kinachoua bodi ni volti kuzidi. Bodi nyingi za gemu za 2D zinakaa kwenye ampea 2 mpaka 5 kwa laini ya volti 5, zile zenye chipu nyingi za zamani zimejaa bodi mbili tatu zilizopandana zinaweza kuvuta zaidi, na zile ndogo za kisasa zenye gemu mamia ndani zinavuta kidogo sana. Mi napenda pawa saplai yenye uwezo kama mara mbili ya inachovuta bodi, haipati joto na inadumu. Ila ampea nyingi zina hatari yake, bodi ikiwa na shoti pawa saplai ya ampea 15 au 20 inaendelea kumwaga moto tu mpaka waya unayeyuka, kwa hiyo weka fyuzi kwenye laini ya volti 5, mi natumia ya ampea 7 na kwenye bodi ndogo nashuka zaidi.

Haya, kupima. Zile chipu ndogo za familia ya 74LS zinataka volti 4.75 mpaka 5.25, na volti 7 ndo ukomo wa kabisa kwa karatasi ya maelezo yake, hapo sio sehemu ya kuzoea kuisogelea. Mi nilikuwa na bodi inajizima na kuwaka yenyewe kila gemu ikichangamka, nikabadilisha memori, nikachoma risasi upya soketi zote, karibu mwezi mzima, na muda wote huo pawa saplai ilikuwa inasoma 5.02 safi kabisa nikipima kwenye skrubu zake. Siku nilipopima kwenye bodi yenyewe, juu ya chipu, nikakuta 4.6. Nyaya zangu zilikuwa nyembamba na nilikuwa nimetumia pini moja tu ya volti 5 na moja ya graundi. Waya wa AWG 18, namba ya unene wa waya, una upinzani wa kama miliomu 21 kwa mita, inaonekana kidogo lakini bodi ikivuta ampea 5 kwenye waya wa mita moja kwenda na mita moja kurudi umepoteza volti 0.2 tayari, bado konekta yenye kutu hujaihesabu. Kwa hiyo tumia pini zote nne za volti 5 na graundi zote, waya mnene na mfupi, na maltimita weka kwenye chipu iliyo mbali na konekta, kwa chipu nyingi za 74 zenye miguu 14 graundi ni mguu wa 7 na volti 5 ni wa 14, zenye miguu 16 ni wa 8 na wa 16. Hiyo namba unayoisoma pale ndo ya ukweli. Ile ya kwenye skrubu za pawa saplai haikwambii bodi inapata nini.

Aina za pawa saplai. Ile ya swichi (switching) ya akedi, kiboksi cha bati chenye skrubu mbele, inatoa 5, 12 na 5 hasi na ina kaskrubu ka kurekebishia volti 5, kwa kazi hii ndo inafaa zaidi, lakini nyingi ni za bei rahisi na ndani zimepunguzwa vitu. Ukitaka ya kiwandani yenye jina, Mean Well wana RT-65A na RT-125A zenye laini hizohizo tatu. Shida ya zote hizi ni kwamba skrubu za umeme wa ukutani ziko wazi, nitarudi hapo.

Pawa saplai ya kompyuta, ATX, ndo namshauri mtu anayeanza, sababu imefungwa vizuri, ina ethi, ina ulinzi wa shoti na volti zikizidi. Unaiwasha kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wowote, na ukiweka swichi hapo katikati inakuwa safi. Ubaya wake volti 5 hairekebishiki, kwa hiyo nyaya nyembamba zitakuadhibu zaidi, na zile za zamani zinazodhibiti 5 na 12 kwa pamoja ukivuta 5 peke yake basi 12 inapanda. Za sasa hazina 5 hasi, iliondolewa zamani, ila nyingi zinayo 12 hasi kwenye waya wa bluu na unaweza kuishusha kwa 7905, kachipu ka kushusha volti hasi. Kuwa makini hapa, miguu ya 7905 haifanani na ya 7805, ndugu yake wa volti chanya, mguu wa kwanza ni graundi, wa pili ndo kuingilia, wa tatu kutokea, na lile bati la mgongoni limeungana na kuingilia, sio graundi, likigusa chasisi umepiga shoti.

Adapta zile za plastiki zinazotoa 5 na 12 kwa pamoja, za kasha la hadi disiki, ampea 2 kila laini, zinatosha bodi ndogo za gemu nyingi na hazikuweki karibu na umeme wa ukutani kabisa. Kwa nyumba yenye watoto wadogo mi ningeanza na hiyo. Chaja ya simu usiijaribu.

Narudi kwenye umeme wa ukutani na hapa sitanii. Penye volti 230 kapasita kubwa ndani ya pawa saplai ya swichi inabeba kama volti 325 za DC, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi, kwa hiyo usifungue kifuniko kwa udadisi tu. Nyingi zina kaswichi ka pembeni ka 110 na 220, kaangalie kabla ya kitu chochote, ukiacha kwenye 110 ukachomeka kwenye 230 kapasita zinapasuka. Ile yenye skrubu wazi iweke ndani ya kasha, waya wa ukutani uwe na kibano usivutike, weka fyuzi na swichi upande wa laivu, na ethi ifungwe kwenye bati la pawa saplai na kasha kama ni la chuma. Ukigusa bati ukahisi kama linakutekenya ujue ethi haipo, hilo usilizoee, chomoa na utafute imekatika wapi. Pawa saplai iliyotolewa kwenye mashine ya zamani usiiamini kwa sababu tu inawaka, kapasita zikikauka volti inasoma sawa lakini ndani ina mawimbi. Weka maltimita kwenye AC upime laini ya 5, ukiona milivolti mia na kitu iweke pembeni, na hata ikisoma vizuri maltimita ya kawaida haioni mawimbi yote ya kasi.

Siku ya kuwasha fanya hivi. Bila bodi, funga balbu ya gari ya volti 12 wati 21 kwenye laini ya 5 ili pawa saplai iwe na mzigo, itawaka hafifu, washa, pima 5, pima 12, acha dakika kumi unusa na kusikiliza. Zima, chomoa plagi. Pima pini za konekta yako moja moja kwa mlio wa maltimita, hakikisha 12 haijakaa kwenye nafasi ya 5, maana hilo kosa ndo limeua bodi nyingi kuliko yote niliyoyaona. Kama pawa saplai yako ina kaskrubu ka volti kashushe kidogo mpaka kama 4.9, chomeka bodi umeme ukiwa umezimwa, washa, weka ncha za maltimita kwenye chipu, alafu panda taratibu kwa bisibisi ya plastiki mpaka usome 5.00 hapo hapo kwenye chipu. Bodi ikishapata joto kama nusu saa pima tena, itakuwa imesogea kidogo.