Somo: Kupaka rangi ujumbe wa konsoli katika JavaScript

Swali la jinsi ya kupaka rangi ujumbe wa konsoli hurudi kila mara, kwa hiyo naliandikia somo zima ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

1. Fungua konsoli ya kivinjari, yaani sehemu inayoonyesha ujumbe wa msimbo wako. Katika Chrome na Firefox, F12 inatosha.

2. Andika: `console.log("%cImehifadhiwa", "color: green")`. Alama `%c` yenyewe haionekani, bali huyavisha maandishi yanayoifuata mtindo wa CSS (lugha ya kupamba kurasa za wavuti) uliotajwa baada ya koma.

3. Rangi mbili katika mstari mmoja: `console.log("%cKOSA%c faili halipo", "color: white; background: crimson", "")`. Hapa ndipo wengi wanapokwama, basi soma polepole. Kila `%c` hudai mtindo wake kwa mpangilio uleule, na ule mtindo mtupu wa mwisho ndio unaoyarudisha maandishi katika sura ya kawaida. Ukiuacha pamoja na `%c` yake, wekundu utaendelea hadi mwisho wa ujumbe. Alama hizi husomwa katika kipande cha kwanza tu ndani ya mabano. Wala usiunganishe humo maandishi yaliyotoka kwa mtumiaji, kwa sababu akiwa ameandika `%s`, ambayo ni alama ya kupachika maandishi, alama hiyo itameza mtindo uliokusudiwa kwingine. Tumia `"%c%s"`, kisha mtindo, kisha maandishi yake.

4. Mtindo unaorudiwa uhifadhi katika kigeu.

Swali: Nimefuata yote, haifanyi kazi.
Jibu: Weka msimbo wako hapa.

Swali: `console.log("Jumla:", "%c500", "color: blue")`
Jibu: `%c` yako imo katika kipande cha pili. Rudia hatua ya 3.

Swali: Mkuu, mbona Node.js haileti rangi, na wala haichapishi ile CSS?
Jibu: Umechunguza vizuri. Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, huitambua `%c` na kuiondoa pamoja na mtindo wake, lakini haiutumii, maana terminali haisomi CSS. Huko tumia alama za ANSI, yaani misimbo ya rangi inayoeleweka na terminali: `"\x1b[31mKosa\x1b[0m"`, ambapo 31 ni nyekundu, 32 ni kijani, na 0 hufuta rangi ili isienee katika mistari inayofuata.

Swali: Nimeifunga `console.log` ndani ya funksheni yangu, na sasa konsoli inaonyesha namba ya mstari wa funksheni hiyo badala ya pale nilipoiita. Kuna njia?
Jibu: Ipo, nami naipenda kuliko zote: `const onya = console.log.bind(console, "%c%s", "color: orange")`. Ukiita `onya("Muda umekwisha")`, rangi hubaki na namba huwa ya mstari ulioiita.